MWENYEJI NAYE NI MSOMAJI: MAANDISHI YA SAFARI ZA NCHI KAVU YAKISOMWA KUTOKA CIMPUNDA

Uhakiki wa maandishi ya safari umezoea kumfuata msafiri. Huanza pale anapofunga mizigo yake, humwuliza alikotoka na alichokitafuta, kisha humpima kwa ukweli wa aliyoyaona na kwa ufundi wake wa kuyasimulia. Mwenyeji, yaani yule aliyekutwa njiani akipalilia, akipika au akivusha watu mtoni, aghalabu huhesabiwa kuwa sehemu ya mandhari pamoja na mito na milima. Makala haya yanaugeuza utaratibu huo. Yanachunguza jinsi maandishi ya safari za nchi kavu, hasa zile zilizokatiza Kongo ya mashariki, yanavyosomeka yanapofika mikononi mwa yule aliyeandikwa ndani yake.

Mahali pa kusomea palipochaguliwa ni Cimpunda, mtaa wa komine ya Kadutu mjini Bukavu. Ni mtaa wa mlimani ambao nyumba zake zimebanana, na mvua kubwa inaponyesha udongo huteremka pamoja na kuta. Wengi wa wakazi wake, au wazazi wao, walitoka Kabare, Walungu, Mwenga, Shabunda na Fizi, baadhi yao kwa kutafuta riziki na wengine kwa kukimbia vita. Nyumbani husemwa Mashi, Kirega au Kifuliru. Njiani na katika soko la Kadutu husemwa Kiswahili. Si rahisi kuukuta mtaa huu katika kitabu chochote cha safari, ingawa Bukavu ni njia panda ya wasafiri tangu zamani: barabara ya kwenda Walikale na Kisangani huanzia hapo, na ile ya kwenda Uvira na Fizi vilevile, na ng'ambo ya mto Ruzizi ni Rwanda. Watalii waliopita miaka ya nyuma walilala kandokando ya ziwa, wakaenda kuwatazama sokwe wakubwa katika hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970, kisha wakaendelea na safari. Mlima wenye Cimpunda waliuona kwa mbali, ukiwa na mabati yake.

Kuna usemi unaopendwa na waandishi wa jinsi hii, kwamba wamepita katika nchi zisizoeleweka. Usemi huo una nia njema, lakini unahitaji kuulizwa: hazieleweki na nani? Kwa mkazi wa Cimpunda, Kongo ni nchi inayoeleweka vizuri mno. Anajua bei ya mihogo inapopanda na sababu yake, anajua ni kizuizi gani cha barabarani kinachodai fedha na kwa nani zinakwenda. Asiyeeleweka kwake ni mgeni: kwa nini mtu mwenye fedha ya kupanda ndege achague kupita matopeni kwa hiari yake?

Swali hilo ndilo msingi wa kipimo kinachopendekezwa hapa. Katika adabu ya kawaida ya sehemu hizi, mgeni huulizwa kabla hajauliza. Huulizwa atokako, aendako, hali ya watu alikowaacha, na kama njaa au vita imewafikia. Hakuna anayefika mahali bila kuhojiwa, isipokuwa amefika na bunduki. Kwa hiyo kitabu cha safari ambacho ndani yake hakuna mwenyeji hata mmoja anayemwuliza mwandishi jambo ni kitabu chenye pengo: ama mwandishi hakulisikia swali, ama alilisikia akaliacha.

Mswahili miongoni mwa Warusi

Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake zimo habari za wasafiri kadhaa wa pwani, akiwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyepata kufundisha Kiswahili Berlin na kufia huko mwaka 1927, na Sleman bin Mwenye Chande, aliyeandika juu ya safari yake ya bara. Kwa shabaha ya makala haya, aliye muhimu zaidi ni Salim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Mjerumani Theodor Bumiller, aliyewahi kutumika Afrika ya Mashariki chini ya Wissmann, wakapita Urusi, wakaingia Siberia, wakateremka hadi nchi za Asia ya Kati.

Habari hii imekuwa ikitajwa kama kioja: Mswahili katika theluji. Hiyo ni njia duni ya kuisoma. Thamani yake imo katika nafasi aliyosimama msimulizi. Alikuwa mtazamaji, na wakati huohuo alikuwa mtazamwa. Watu wengi aliowakuta hawakupata kumwona mtu mweusi, wakamkusanyikia, wakastaajabu, wakataka kujua ni kiumbe wa namna gani. Salim hawezi kuificha nyuso hiyo ya mwenyeji, kwa maana imegeuzwa kumwelekea yeye. Katika vitabu vya Wazungu waliopita Afrika mkusanyiko wa namna hiyo nao upo, lakini huandikwa kama kero: kelele, harufu, watoto wasioondoka. Kwa Salim mshangao wa wenyeji ni habari kama zilivyo habari za miji, za mito na za baridi, na anaueleza kwa utulivu wa mtu ambaye amekwisha kutazamwa sana na haoni sababu ya kuchukia.

Hata hivyo haifai kumtukuza kupita kiasi. Mkusanyo mzima umebeba mizani ya pwani, ile inayowagawa watu kuwa waungwana na washenzi. Wasimulizi wake huwapima watu wa bara kwa mavazi, kwa chakula na kwa dini kabla ya kuwapima kwa jingine lolote, na msomaji wa Kivu hatakosa kujitambua upande ule wa mizani unaodharauliwa. Tena kuna mkono wa Velten. Masimulizi haya yaliandikwa kwa kuombwa, ili wanafunzi wa Kijerumani wapate kitu cha kusoma. Mtumishi anayeandika kitabu kitakachosomwa na wenzake wa bwana wake hana uhuru wote wa kalamu, na mhakiki anayekisoma kana kwamba ni shajara ya siri anajidanganya.

Pamoja na hayo, Salim anapita katika kipimo. Warusi na watu wa Asia ya Kati wanamwuliza, na maswali yao yanabaki ukurasani.

Upinde wa mishale ishirini

Tukio la pili lilitokea karibu na nyumbani, katika Manyema ya mwaka 1876. Henry Morton Stanley, aliyekuwa katika safari yake ya 1874 hadi 1877 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Boma, alikutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kwa bahati njema ya historia ya fasihi, wote wawili waliandika. Kitabu cha Stanley kilitoka 1878 na kikaenea duniani. Maisha ya Tippu Tip, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa kwa juhudi ya Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, yalisomwa na wachache hadi W. H. Whiteley alipoyatoa upya mwishoni mwa miaka ya 1950.

Katika masimulizi ya Tippu Tip, Stanley anamwonyesha bunduki inayopiga risasi 15 mfululizo. Tippu Tip haamini, au anajifanya haamini. Badala ya kustaajabu, anamweleza mgeni kwamba uko upinde katika nchi fulani ya jirani ambao hurusha mishale 20 kwa mara moja na kuua watu 20. Hapo Stanley anaondoka kwa haraka na kufyatua bunduki yake ili athibitishe. Ni utani mtupu, na Mswahili yeyote anautambua mara moja: mtu akikuletea ajabu, mpe ajabu kubwa zaidi, umtazame atafanya nini. Stanley hakuutambua. Alisikia shaka, akajibu kwa baruti. Na huo si mwisho wa malipo, kwa kuwa Tippu Tip anasimulia pia kwamba mgeni huyo alimwahidi makubwa, lakini kilichomfikia kutoka Ulaya kilikuwa picha yake mwenyewe Stanley.

Wahakiki wa Kiswahili wameyapenda masimulizi haya kwa ajili ya lugha yake iliyo nyepesi na mazungumzo yake yaliyo hai, na ni haki wayapende. Lakini hapa ndipo msomaji wa Cimpunda anapotofautiana na msomaji wa Unguja. Kwa msomaji wa Unguja, Tippu Tip ni mwenyeji anayemdhihaki Mzungu. Kwa msomaji wa Kivu, Tippu Tip naye ni mgeni. Alifika kwa pembe na kwa watumwa. Hata pale anapozungumza na wenyeji kwa maneno ya udugu, maneno hayo yana kazi: katika Utetera alidai kuwa ni mjukuu wa ndugu wa kike wa mtawala wa nchi, mwanamke aliyetekwa zamani, na kwa dai hilo akakabidhiwa utawala. Anasimulia kisa hicho kwa fahari ya mtu aliyeshinda mchezo. Wenyeji walimwuliza swali la adabu, yaani wewe ni nani kwetu, naye akalitumia jibu kuwa mtego.

Hivyo vitabu viwili vinabishana juu ya bunduki na ahadi, huku wapagazi na wapiga makasia waliowabeba mabwana wote wawili wakinyamaza katika vyote viwili. Kipimo cha swali la mwenyeji kinawaangusha wote, ijapokuwa Tippu Tip anaanguka kwa namna inayofurahisha zaidi kusoma.

Pikipiki na baiskeli

Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mwingereza, Tim Butcher, aliamua kuifuata njia ya Stanley. Alianzia Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, akabebwa kwa pikipiki kupitia Kasongo hadi mto Kongo, akateremka kwa mtumbwi na kwa meli, akafika Boma. Kitabu chake, Blood River, kilitoka 2007 na kikapata wasomaji wengi sana. Juni ya mwaka uleule wa safari yake, Bukavu ilitekwa kwa siku kadhaa na askari waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Kwa hiyo mtu asimdharau Butcher. Njia aliyoipita ilikuwa ya hatari kweli, naye hakuficha hofu yake. Hofu hiyo iliyoandikwa waziwazi ni sifa ambayo Stanley hakuwa nayo.

Kasoro ya kitabu haimo katika ukweli wa mambo. Imo katika umbo lake. Kila kitu kimepangwa ili kionyeshe nchi inayorudi nyuma: reli iliyomezwa na msitu, mji usio na umeme, wazee wanaokumbuka magari ambayo wajukuu wao hawakuyaona. Mambo hayo ni kweli. Lakini katika njia ileile mwandishi anapishana na wachuuzi wanaosukuma baiskeli zenye mizigo, mawese mathalani, kwa siku nyingi porini. Watu hao walitembea mbali, kwa mguu, wakipita vizuizi vilevile, bila cheti kutoka kwa mkuu yeyote na bila shirika la misaada la kuwapa dereva. Kwa hesabu yoyote ya ushujaa wao ndio wasafiri, na Butcher ni abiria. Anawastaajabia, anawahurumia, kisha pikipiki inaendelea. Umbo la kitabu halina nafasi ya kumweka mchuuzi mbele na mwandishi nyuma.

Hapa msomaji wa Cimpunda ana jambo la kusema, maana anawajua watu hao. Katika soko la Kadutu wako wanawake ambao bidhaa zao zilikuwa zikitoka Shabunda kwa ndege ndogo kwa kuwa barabara ilikuwa haipitiki, au zimetoka Idjwi na Goma kwa mashua. Wako wanaovuka Ruzizi kila asubuhi kwenda Kamembe na kurudi jioni, wakitaja bei kwa faranga za nchi mbili na kwa dola. Wako wabebaji wanaopanda mlima wakiwa na kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Hakuna hata mmoja wao anayeita mwendo wake safari kwa maana ya kitabu. Wakiulizwa, husema wanatafuta. Kitenzi hicho, kutafuta, hakina shamirisho katika Kiswahili cha Bukavu kinaposemwa hivyo, na kila mtu anaelewa.

Miguu ya mkimbizi

Kuna maandishi mengine ambayo hayawekwi katika rafu ya vitabu vya safari, ingawa yanasimulia mwendo mrefu kuliko mingi iliyowekwa humo. Marie Béatrice Umutesi, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Rwanda, alikimbilia Kivu mwaka 1994, akakaa katika kambi karibu na Bukavu. Kambi ziliposhambuliwa mwaka 1996 alianza kutembea. Alipita Tingi-Tingi karibu na Lubutu, akaendelea kuelekea magharibi hadi mkoa wa Equateur, mwendo wa kilometa zipatazo 2,000. Kitabu chake, Fuir ou mourir au Zaïre, kilichapishwa Paris mwaka 2000.

Kitabu hiki hakisomeki kwa wepesi mjini Bukavu. Julai 1994 wakimbizi waliingia kwa wingi usio na kifani. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia waliotoka kufanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wenyeji waliwapokea watu hao wote pamoja, miti ikakatwa, mashamba yakavunwa na wasiopanda. Kisha vita iliyowafuata wakimbizi ikawakuta wenyeji vilevile: Oktoba 1996 mji ulitekwa, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa tarehe 29 ya mwezi huo. Mateso ya wakimbizi waliokimbilia msituni yamethibitishwa na taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003. Taarifa hiyo pia inahesabu mateso ya Wakongo. Anayekisoma kitabu cha Umutesi huko Kadutu analazimika kuyashika yote hayo kwa mkono mmoja.

Lakini kwa mtazamo wa fani, hapa ndipo kipimo cha swali la mwenyeji kinapopata mfano wake ulio mzito. Mkimbizi hana uwezo wa kumgeuza mwenyeji kuwa mandhari. Uhai wake unategemea jibu atakalotoa anapoulizwa ni nani na anatoka wapi. Mtu wa kijijini, mwenye mtumbwi au mwenye shamba la muhogo, anaweza kumficha, kumwuzia, kumwibia au kumtaja kwa askari. Kwa hiyo kila mwenyeji katika kitabu hiki ana sura yake, tabia yake na uamuzi wake. Wako waliomnyang'anya, na wako waliomhifadhi ilhali kufanya hivyo kuliwaweka wao wenyewe hatarini. Mwandishi hawagawi kwa kabila wala hawapangi ili wathibitishe nadharia juu ya Zaire. Kwake Wakongo hawakuwa fumbo la kufumbuliwa. Walikuwa watu ambao asubuhi hiyo walisema ndiyo au walisema hapana.

Yafaa kuutaja mpaka mmoja wa safari hiyo ambao ramani za kijeshi haziuonyeshi. Kutoka Kivu kupitia Maniema hadi kandokando ya Kisangani, Kiswahili ni lugha ya njia. Zaidi ya hapo kuelekea magharibi, Lingala inashika nafasi. Kwa mtalii badiliko hilo ni la kupendeza, ukurasa mmoja wa maelezo. Kwa mtu anayejificha, kupoteza lugha ya njia ni kupoteza uwezo wa kujieleza haraka, na sauti ya ugeni inaweza kumfichua kabla hajataja jina.

Mugeni au mgeni

Suala la lugha linaleta uhakiki huu kwenye jambo linalovihusu vyuo vyenyewe. Kama swali la mwenyeji ndilo kipimo, swali hilo liliulizwa kwa Kiswahili gani? Mkazi wa Cimpunda hamwulizi mgeni kwa sentensi ya kitabu cha sarufi kilichochapishwa Dar es Salaam. Husema: mugeni, uko natoka wapi? Irabu ya kiambishi cha ngeli haikudondoka, na kitenzi kinatanguliwa na uko panapotarajiwa kiambishi cha njeo. Hiki ni Kiswahili chenye kanuni zake, kilichoenezwa na misafara ileile ya Tippu Tip na waungwana wake, ndiyo maana kikaitwa Kingwana. Kikatumiwa na serikali ya Kibelgiji, na misheni, na migodi, na hatimaye kikawa mali ya watu wenyewe.

Maandishi ya lugha hii yapo, ila hayatafutwi. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa zamani wa majumbani huko Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wenzake historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian na wenzake waliichapisha mwaka 1990. Ni kitabu cha watu waliokuwa wakitembea nyuma ya bwana, wakapika katika kila kambi aliyolala, na kutazama. Kwa maana hiyo Yav ni jamaa wa Salim bin Abakari, akitenganishwa naye kwa karibu miaka 70. Salim anasifiwa kwa usafi wa Kiswahili chake. Yav, pale anapotajwa kabisa katika idara za Kiswahili, hutajwa kama mfano wa lugha iliyochanganyika. Kipimo hicho hakina uhusiano na walichokiona.

Hoja inayopinga inafahamika, nayo si ya kupuuzwa. Husemwa kwamba mwanafunzi wa Bukavu akiachiwa kuandika kama anavyosema, kazi yake haitasomwa Nairobi wala Unguja, na atabaki amefungwa katika kona yake. Ni kweli kwa insha na kwa barua ya kuomba kazi. Katika maandishi ya safari na ushuhuda, hata hivyo, usanifishaji huondoa kitu ambacho hakuna tanbihi inayoweza kukirudisha, yaani masafa kati ya anayeuliza na anayejibu. Msikilizaji wa Bukavu humtambua mtu wa Goma, wa Uvira au wa Kindu kwa maneno machache. Maneno hayo yakisahihishwa, watu wote wa njiani wanakuwa wanatoka mahali pamoja, na mahali hapo si Kongo.

Inafaa kukumbuka kwamba hata wageni waliotaka kwa dhati kuwa karibu na wananchi walikwama hapa. Mwaka 1965 Wakuba waliokuja kupigana upande wa Fizi walichukua majina kutoka hesabu ya Kiswahili, na Che Guevara akaitwa Tatu. Walianza na namba. Kumbukumbu zake za Kongo, zilizotolewa kwa ukamilifu mwaka 1999, ni kitabu cha mtu anayewalaumu wapiganaji wenyeji sana, na anajilaumu pia, huku lugha yao ikimfikia kupitia kwa wengine.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na kwa siku chache jina la mji lilisikika katika redio za dunia nzima. Walioandika kwa haraka wakati huo walieleza mistari ya vita na matamko ya wakuu. Bado kuna kazi isiyohitaji haraka, nayo iko ndani ya uwezo wa wanafunzi wa isimu na fasihi walioko mjini: kurekodi habari za safari za watu wa mtaani, wa Shabunda, wa Idjwi, wa Kamembe, na kuziandika kama zilivyosemwa. Hapo litazuka tatizo la kawaida la mhariri. Je, kitenzi kutafuta kiongezewe shamirisho ili msomaji wa mbali aelewe kinachotafutwa? Je, mugeni apunguzwe irabu? Velten alikuwa na wasomaji wake huko Berlin, akaamua kwa ajili yao. Safari hii msomaji wa kwanza anakaa mlimani Kadutu, na mswada unaweza kupelekwa kwake kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa.